Mkulima Wetu Yuko Dodoma

Serikali ilinitambua kuwa mkulima wa korosho kabla sijapalilia hata mkorosho mmoja. Nasema hivi bila majivuno, maana sikufanya lolote la kustahili. Nilichokuwa nacho ni dole gumba.

Nilikuwa nimerudi kwa mama, kijijini kwetu upande wa Mtawanya, baada ya jengo nililopanga Mbagala kuvunjwa kupisha barabara. Humo nilikuwa na steshenari: mashine ya kutoa kopi, kompyuta moja, na kifaa cha kulaminetia vyeti vya watu. Maisha yangu yote ya utu uzima nilikuwa nashika karatasi. Mashine nilirudi nayo imefunikwa shuka, nikaiweka chumbani, na mama akawa anaizunguka kwa adabu kama mgeni asiyejua ataondoka lini.

Mama ni Mmatumbi. Alizaliwa kule milimani kusini, akaja Kibiti kuolewa akiwa binti. Baba alipofariki, ndugu zake walitaka shamba liuzwe, akawakatalia. Mikorosho ile aliipanda mwenyewe akiwa na mimba yangu. Ndivyo anavyosema kila nikichelewa kuamka. Korosho safi huzipeleka kwenye chama cha ushirika. Zile zinazokataliwa huzibangua nyumbani: huzichoma juu ya bati mpaka ziwake, huzigonga moja moja, kisha huzipeleka kituo cha mabasi Kibiti na kuwauzia abiria wanaokwenda kusini. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Vidole vyake vimekuwa vyeusi, na ncha zake zimelainika kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni.

Mwaka huo ikatangazwa kwamba salfa ya ruzuku itatolewa kwa wakulima waliosajiliwa tu. Salfa ni ule unga wa njano unaopuliziwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga, ugonjwa unaoyapaka maua weupe na kuyakausha. Bila salfa, unavuna mabibo mawili matatu ya kunusa. Kwa hiyo siku ya usajili kijiji kizima kilikuwa kwenye ofisi ya serikali ya kijiji tangu asubuhi.

Kizima, na cha ziada. Sikuwa nimewahi kujua kwamba tuna wakulima wengi hivyo wenye viatu vya kung'aa. Magari yalitoka Dar es Salaam. Alikuwepo shemeji yake mwenyekiti wa kijiji, mtu wa Temeke, ambaye mkorosho wake mmoja tu ulijulikana, nao ulikuwa uani kwa mwenyekiti na wenyewe walikuwa wanaufungia kamba ya kuanikia nguo. Alisajiliwa kwa ekari nyingi. Kimashine cha alama za vidole, kinachovuta jina la mtu kutoka kitambulisho cha taifa, kilisoma kidole chake mara ya kwanza, kikapiga mlio na kuwaka kijani, akakipangusa kidole kwa leso kama aliyeshika kitu kichafu.

Ikafika zamu ya mama. Bwana shamba alikuwa kijana mpole, mgeni kwenye kata yetu. Akamwamkia, akamwomba aweke dole gumba kwenye kioo. Kikawaka chekundu. Akamwambia aweke jingine. Chekundu. Vikajaribiwa vyote, mkono wa kulia na wa kushoto, na kila mara kimashine kilikataa kwa mlio kama wa mtu anayesonya.

Watu kwenye foleni wakaanza kutoa ushauri. Mmoja akasema anawe kwa sabuni, akanawa. Mwingine akasema limau, likaletwa limau. Wa tatu akasema vidole vimekauka vinataka mafuta, mama akapakwa mafuta ya kujipaka ya mtoto wa mtu. Shemeji wa mwenyekiti, ambaye alikuwa amekwishasajiliwa na hakuwa na haraka, akatoa rai kwamba pengine ajaribu kidole cha mguu. Mama alimtazama, akarudisha kandambili zake chini ya kiti.

Bwana shamba akaeleza kwa masikitiko ya kweli kwamba mfumo haumpokei mtu asiye na alama. Kisha akauliza kama nyumbani kuna ndugu mwingine mwenye vidole. Mama akanielekezea kidevu. Nilikuwa nimesimama dirishani nikiwa nimekuja kumbebea mkoba.

Nikakaa kwenye kiti. Bwana shamba akaniuliza shamba lina mikorosho mingapi. Nikamtazama mama, akajibu, kijana akaandika jibu langu. Akauliza mbegu gani. Mama akasema mchanganyiko, nami nikasema mchanganyiko. Akauliza mara ya mwisho nilipulizia lini. Hapo mama akacheka kidogo, akajibu pia. Nikaweka dole gumba langu, laini na safi, lililokuzwa kwa karatasi za kopi. Kikawaka kijani mara moja.

"Hongera, kaka," bwana shamba akasema. "Sasa wewe ni mkulima."

Mama naye akanipa mkono wa hongera, mbele za watu, bila kutabasamu.

Njiani kurudi alitangulia mbele, mkoba kaubeba mwenyewe. Tulipokaribia nyumbani akasimama, akaikunjua mikono yake na kuitazama, nje na ndani.

"Hebu niambie," akasema. "Hivi vidole vimeishia wapi, kama si humo humo kwenye korosho wanazoniuliza?"

Nikaupokea mkoba, tukaingia ndani.

Kesho yake baada ya sala ya alfajiri akagonga mlango wangu kwa mpini wa jembe. Aliniambia niamke, kwa sababu mkulima halali jua likimwona. Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Haukuwa. Kama serikali imeniandika mkulima, alisema, yeye ni nani kupingana na serikali? Akanipeleka palizi. Kabla ya adhuhuri viganja vilikuwa na malengelenge, na kiuno kilikataa kunyooka. Yeye alikuwa mbele yangu mistari miwili ya mikorosho, akipalilia huku akinisimulia habari za majirani, na kila mara akigeuka kuniuliza kitaalamu: mkulima waonaje, magugu haya tuyaache au tuyang'oe?

Simu yangu nayo ikaanza kupokea ujumbe. "Ndugu mkulima, karibu kwenye mfumo." "Ndugu mkulima, zingatia kanuni bora za kilimo." "Ndugu mkulima, pembejeo zako zipo njiani." Jioni mama alinitaka nimsomee. Alikuwa anaujibu ule ujumbe kwa mdomo, kama anayeongea na mtu aliyekaa pale kwenye mkeka. Ukisema pembejeo zipo njiani, anauliza njia gani, maana kutoka Dar mpaka hapa ni lami tupu.

Mikorosho ikachanua. Ukungu wa asubuhi ukaanza kutanda, na ukungu ndio unaouleta ubwiri. Salfa bado ilikuwa njiani. Mama alikwenda Kibiti kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, ambaye ukoo wake umeuza pembejeo pale tangu enzi za babu yake. Alimkuta amekaa kati ya ndoo na kamba, rafu ya salfa ikiwa tupu. Mzee yule alimweleza kwa upole kwamba mwaka huu hakuagiza. Serikali imesema itagawa bure. Sasa yeye alete salfa amuuzie nani? Alisikitika, akampa chai.

Kwa hiyo salfa ya dukani haikuwepo kwa sababu ya salfa ya serikali, na salfa ya serikali haikuwepo kwa sababu ilikuwa njiani. Hapo ndipo jirani mmoja alipotunong'oneza kwamba kwa shemeji wa mwenyekiti ipo. Wakulima wakubwa walikuwa wamepelekewa mapema, na yeye, kwa ekari zile zilizokuwa mdomoni mwake, alikuwa mkulima mkubwa.

Mama akauza mbuzi wake wawili. Tukaenda na toroli kwenye nyumba aliyokuwa amepanga kijijini tangu usajili. Mifuko ilikuwa imepangwa sebuleni mpaka karibu na dari, na yule bwana alikuwa amekaa mbele yake akiangalia mpira kwenye televisheni. Nikaugeuza mfuko wa kwanza ili niubebe, na mimi nikiwa mtu wa steshenari, sioni maandishi nikayaacha. Nikasoma kwa sauti: RUZUKU YA SERIKALI. HAIUZWI.

Yule bwana hakuona haya wala hakukasirika. Alinieleza kama mwalimu anayemwelewesha mtoto mzito.

"Haiuzwi dukani," akasema. "Hapa si dukani. Hapa ni nyumbani."

Mama akanikanyaga mguu nisiendelee, akalipa. Tukasukuma toroli mpaka shambani, tukakodi mashine ya kupulizia, na siku mbili zile tulikuwa wa njano kuanzia kope mpaka kucha. Maua yakapona, si yote, lakini mengi. Hivyo ndivyo tulivyoinunua ruzuku.

Korosho zilikuwa zimekwisha kutunga na zinaning'inia kijani chini ya mabibo ndipo tulipoitwa Kibiti kwenye hafla ya kukabidhi salfa. Mgeni rasmi alikuwa mkubwa mmoja kutoka Dodoma. Mimi nilichaguliwa kuwa mwakilishi wa wakulima. Mwenyekiti wa kijiji aliniambia sababu bila kificho: nazungumza vizuri, na nina shati jeupe. Mama akavaa kanga mpya akasema anakuja.

Tukakaa chini ya maturubai. Mgeni rasmi alichelewa, kama inavyompasa mgeni rasmi, kikundi cha ngoma kikachoka, kikapumzika, kikachoka tena. Alipofika alihutubia juu ya mapinduzi ya kilimo kwa muda wa kutosha kupalilia robo eka. Kisha nikaitwa mbele kupokea mfuko wa kwanza. Nikaupokea. Mpiga picha akasema nimeziba uso wa mgeni rasmi, nikaurudisha, nikaupokea tena. Mwingine akasema hakuwa tayari. Nikaupokea tena. Nilipotaka kuondoka nao, kijana mmoja wa itifaki akanishika mkono taratibu, akauchukua mfuko, akaurudisha juu ya lori. Ugawaji wenyewe, akaninong'oneza, utafuata utaratibu.

Yakaja maswali. Mama akanyoosha mkono. Mwenyekiti wetu, aliyekuwa amekaa safu ya mbele, akainuka haraka kusema kwamba maswali ni ya wakulima waliosajiliwa tu. Lakini mama alikuwa ameshasimama.

"Mwenyekiti anasema kweli," akasema. "Mimi si mkulima. Mkulima ni huyu mwanangu mliyempiga picha. Mimi ni yule anayelima."

Watu wakacheka, mpaka wapiga ngoma. Mgeni rasmi naye akacheka, maana alikuwa mtu wa siasa, na mtu wa siasa akikuta watu wanacheka hakubali kubaki nje. Akamwita mbele. Mama akamweleza habari ya vidole, kwa kifupi, akamwonyesha. Mgeni rasmi akaishika ile mikono, akaigeuza kuelekea kwenye kamera, akasema kwa kipaza sauti kwamba hii ndiyo mikono inayoijenga nchi, na kwamba haiwezekani mikono hii iachwe nje ya mfumo. Akaagiza jambo hili lishughulikiwe hapo hapo, yeye akiona.

Bwana shamba akaja mbio na kimashine, jasho likimtiririka. Akalifuta jina langu kwenye shamba, maana shamba moja halikubali wakulima wawili, akafungua nafasi mpya ya mama. Mama akaweka dole gumba. Kikasonya chekundu. Akaweka jingine. Hivyo hivyo. Kipaza sauti kilikuwa karibu na kila msonyo ulisikika mpaka barabarani.

"Hiki kitakuwa kibovu," mgeni rasmi akasema.

Bwana shamba akajitetea kwa sauti ndogo kwamba ni kizima. Mgeni rasmi akakichukua mkononi, akawageukia wananchi, na ili kuwaonyesha jinsi mitambo inavyowaangusha watu, akabandika dole gumba lake mwenyewe.

Kikawaka kijani. Kikapiga ule mlio mtamu, kisha sauti ya mwanamke, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, ikatoka ndani ikasema: "Hongera. Mkulima amesajiliwa."

Halafu mgeni rasmi akainua mikono akasema basi hata yeye ni mkulima, yeye ni mtoto wa mkulima, na makofi yakapigwa, ngoma zikalia, na hafla ikafungwa kwa furaha. Nilimwona bwana shamba amekaa juu ya tairi la akiba la lori, anabonyeza kimashine tena na tena. Nilimsogelea. Aliniambia haifutiki. Kufuta mara ya pili ni mpaka makao makuu waridhie.

Ndivyo shamba la mama lilivyohamia kwa mkubwa wa Dodoma.

Salfa ikagawiwa tukiwa tayari tunaokota korosho. Tulikwenda hata hivyo, kwa sababu mama alitaka kuona. Mtunza ghala wa kata alitafuta shamba letu kwenye kimashine, akaliona, akatuambia mifuko yetu ipo, ila lazima mkulima mwenyewe aje aweke kidole.

"Mkulima wetu yuko Dodoma," mama akamjibu. "Ana kazi nyingi. Unaonaje mkimfuata?"

Mtunza ghala alimsoma usoni, akaisoma tena skrini, akalitambua jina. Akasimama. Sijui kwa nini alisimama, lakini alisimama, na akatuaga kwa heshima ambayo hatukuwa tumeingia nayo.

Basi habari ikasambaa, na ilivyosambaa ikabadilika. Kijijini walikuwepo waliosema mkubwa amelinunua shamba. Wengine walisema amemuoa mama. Mama alipoulizwa sokoni hakukubali wala hakukataa. Alisema tu kwamba mambo ya wakubwa yana usiri wake.

Matokeo tuliyaona moja moja. Mwenyekiti wetu ana ng'ombe, na kwa miaka mingi ng'ombe hao walikuwa wakipita kwenye shamba letu kana kwamba ni barabara yao, wakila majani ya mikorosho michanga. Mama alishalalamika mpaka sauti ikamkauka. Majibu yalikuwa kwamba ng'ombe hawajui mpaka. Msimu ule wakaujua. Nilimwona mchungaji wake akiwapigia mluzi wageuke mbali kabisa, na alipoona nimemwona akanipungia. Baadaye mwenyekiti mwenyewe alipita, akasimama mpakani bila kuingia, akauliza kama mheshimiwa hajambo. Mama akamwambia hajambo, alhamdulillahi.

Shemeji yake naye alikuja, yule mwenye sebule ya salfa. Alikuwa amevaa viatu vile vile, vumbi limevipiga. Alizunguka zunguka na maneno, mwisho akasema kwamba wale mbuzi wanamkaa moyoni, pengine palitokea kutoelewana, na kwamba yeye siku zote alikuwa ametaka kutusaidia tu kama majirani. Akarudisha fedha yote. Mama akaipokea, akaihesabu mbele yake polepole kwa vile vidole visivyosomeka, akamkaribisha uji. Hakuunywa.

Mimi nilikasirika. Jioni ile nilimwambia mama kwamba hii ni aibu, kwamba watu hawa hawamheshimu yeye, wanaliogopa jina lililoingia kwa bahati mbaya, na kwamba ningekuwa mimi ningekwenda Dodoma kudai haki yangu. Nilisema mengi, nilikuwa nimelima msimu mzima na nilijiona nina haki ya kusema. Mama alikuwa anagonga korosho. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Wewe walikuheshimu ulipokuwa na shati jeupe," akasema. "Ulikasirika?"

Msimu uliofuata, mikorosho haijaanza hata kuchipua maua, tulisikia pikipiki ikipanda njia ya shambani. Alikuwa bwana shamba. Nyuma yake lilikuja toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu, limejaa salfa mpya, mifuko mingi kuliko tunayostahili. Shamba la mheshimiwa, alisema, limewekwa la kwanza wilaya nzima. Wakuu wake hawataki lawama. Mtu wa kuweka kidole hakuhitajika tena, utaratibu ulikuwa umepatikana. Tukashusha wote watatu, na mifuko mingine mama akawaita majirani, wale ambao mpaka leo hawajaona mfuko wao, wakaja kuchukua.

Kijana alipokuwa anakunywa maji alitoa habari nyingine, na hii aliitoa kwa furaha, kwa sababu ni kijana mwema na jambo lile lilikuwa limemkosesha usingizi. Makao makuu walikuwa wamekubali. Siku hizi mtu asiye na alama za vidole anaweza kusajiliwa kwa picha ya uso. Alikuwa amekuja na simu maalumu. Mama akae tu vizuri, atazame mbele, jina la mheshimiwa litolewe na lake liingie.

Mama alijitanda kanga vizuri, nikadhani anajiandaa kwa picha. Kumbe alikuwa anainuka.

"Mwache mzee wa watu alime," akasema. "Ndiyo kwanza ameanza kuzoea."

Akachukua mashine ya kupulizia, akaniwekea mgongoni na kunikazia mikanda, akamwambia bwana shamba kwamba kama ana nafasi upo mstari wa mwisho kule bondeni haujapaliliwa. Kijana aliiangalia ile simu yake maalumu, akaangalia bonde. Kisha akaiweka simu mfukoni, akakunja suruali na kuuliza jembe liko wapi.